Asilimia Mia ya Upendo

Ipo nchi moja, mimi sitaitaja na wewe usinitajie, maana tukishaitaja tutaitwa mimi na wewe tukaeleze tumeijuaje. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina madini, ina Waziri wa Furaha na Mitandao, na barabara zake zote ni nzuri kwenye picha. Kiongozi wake haitwi rais. Anaitwa Mpendwa, na jina hilo hakujipa mwenyewe, hata kidogo. Alipewa na kamati aliyoiteua.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imechoka kuwauliza wananchi maoni kwa makaratasi. Makaratasi yanajaza makabati, wananchi wanaandika mambo marefu, na wengine wana mwandiko mbaya. Basi ikanunua ng'ambo akili mnemba moja ya kisasa kabisa, ikaipa jina Bi Pendo, ikaiingiza ndani ya kila simu. Kazi ya Bi Pendo ilikuwa kusikiliza. Serikali ikitaka kufanya jambo, inakutumia klipu fupi. Wewe unatazama, na Bi Pendo anasikiliza mdomo wako umetoa sauti gani. Ukicheka, anaandika furaha. Ukipiga busu, anaandika upendo. Ukitukana, anaandika jina lako kamili na mtaa unakokaa. Upendo ukizidi nusu, jambo limepita. Hiyo ndiyo Sheria ya Ridhaa kwa Sauti, na wabunge waliipitisha huku wakipiga meza, ambayo Bi Pendo aliiandika kama ngoma za asili.

Sasa katika Kata ya Mtakuja alikuwepo Fundi Mbaruku, mshona magauni, miaka hamsini na sita, miwani yake imefungwa mkono mmoja kwa uzi wa cherehani. Kila alasiri walikuwa wakikaa kibarazani kwake rafiki zake watatu: Bi Tausi muuza vitumbua, Mwalimu Ngwembe aliyestaafu kufundisha jiografia, na Degera, aliyekuwa akipanga barua posta mpaka barua zikaisha nchini. Wanne hao walikuwa na starehe moja, kutazama upuuzi wa mtandaoni kwenye simu ya Mbaruku, kwa kuwa ndiyo pekee yenye kioo kizima, na kuusema mpaka jua lishuke.

"Huyu kijana analia nini?" Bi Tausi aliuliza siku moja.

"Changamoto ya Kitunguu," alisema Mwalimu Ngwembe, ambaye alikuwa akifuatilia mambo haya kwa makini kama mitihani. "Unajipaka kitunguu machoni, unalia, unasema unamlilia mama yako. Mwenye machozi mengi anapata wafuasi."

"Masikini. Mama yake amefariki lini?"

"Hajafariki. Ndiye aliyeshika simu."

"Lahaula!"

Degera akasukuma klipu nyingine. Mwanamuziki aliyekuwa akivuma mwezi huo alikuwa na wimbo wenye neno moja tu, "Eeh", na sasa alikuwa ametoa toleo jipya, "Eeh eeh". Degera alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema ule wa kwanza ulikuwa na maana zaidi. Bi Tausi akacheka mpaka akashika mbavu, na Bi Pendo, ndani ya simu, akaandika furaha.

Kisha ikaja klipu ya Mpendwa, maana ilikuwa lazima ije, hata ukizima inakuja. Mpendwa mwenyewe, mzee wa miaka themanini na moja, kavaa suruali iliyochanwa magotini na kofia ya kitoto, anatikisa mabega kwa mtindo wa vijana, na chini yake maandishi: Bado Nipo Nipo Sana.

Hapo ndipo Fundi Mbaruku aliposonya.

Msomaji wangu, wapo watu wanasonya kwa mdomo tu, kwa haraka, mtu asikie au asisikie. Mbaruku hakuwa wa hivyo. Yeye alikunja uso kwanza, akabana meno, kisha akavuta hewa polepole, mfyuuuuuu, mpaka mpita njia ng'ambo ya barabara anageuka kujitazama amekosa nini. Maishani mwake hakuwahi kumtukana mtu. Hakuona haja. Kila aliposonya, pembeni mwa kioo cha simu kilitokea kimoyo chekundu, kikapepesa mara mbili, kikapotea. Wote wanne walidhani ni dalili ya chaji kupungua.

Basi wiki moja ikaja klipu isiyochekesha. Mheshimiwa Shangwe, Waziri wa Furaha na Mitandao, alikuwa amesimama mbele ya zahanati ya Mtakuja, koti lake limewekwa vimulimuli.

"Ndugu wananchi wapendwa wa Mpendwa!" alisema. "Dunia imehama. Imetoka kwenye sindano, imekwenda kwenye skrini! Zahanati hii inahudumia watu arobaini kwa siku. Klipu moja nzuri inahudumia watu milioni nne kwa saa. Hesabu ni zenu! Kwa hiyo tunaigeuza kuwa Jumba la Taifa la Klipu. Wodi ya wazazi itakuwa studio namba moja, kwa sababu wataalamu wamegundua ina mwanga mzuri sana wa asubuhi."

Kibarazani hakuna aliyecheka. Mke wa Mbaruku, Bi Zamoyoni, alikuwa ndani akipepeta mchele, na ungo ukanyamaza. Bi Zamoyoni alikuwa na ugonjwa wa sukari. Asubuhi sindano, jioni sindano, na dawa yake ilikaa kwenye friji ya zahanati, kwa sababu umeme wa majumbani kata ile ulikuwa unakuja kama mgeni, mara moja moja na bila taarifa. Zahanati nyingine iliyo karibu ilikuwa Ng'ambo ya Mto, kilometa ishirini na mbili kwa miguu.

Mbaruku alisonya mpaka miwani ikamdondoka. Bi Tausi akasonya. Mwalimu akasonya. Degera akasonya mara tatu, moja yake na mbili za jirani zake waliokuwa safarini. Mtaa mzima ukasikika ukisonya, nyumba kwa nyumba, mpaka sokoni.

Kesho yake matokeo yakatangazwa. Mradi wa Jumba la Klipu umepita kwa upendo wa asilimia tisini na nane. Asilimia mbili walikuwa wamelala.

Siku hiyohiyo gari la serikali likasimama mbele ya kibaraza. Akashuka afisa na cheti kilichotiwa fremu, akakisoma kwa sauti mbele ya watu wote waliokuwa wakipita. Fundi Mbaruku ametunukiwa nishani ya Mpiga Busu Bora wa Taifa, kwa kuibusu serikali mara elfu moja mia nne na kumi na mbili ndani ya mwaka mmoja, mabusu themanini na tisa kati ya hayo yakiwa yamezidi sekunde nne. Nishani yenyewe atavishwa siku ya kukabidhi Jumba.

Gari liliondoka. 

"Fundi," Degera alisema, "kumbe una mahaba kiasi hicho?"

"Mimi nilikuwa nakaa na nani hapa?" Bi Tausi aliuliza, naye hakuwa akitania. Alikuwa amekwisha vuta kanga yake na kusogea mwisho wa benchi. "Sisi tunasema maneno yetu hapa, kumbe mwenzetu anawapelekea mabusu?"

"Bi Tausi, wallahi tena..."

"Usiape."

Bi Zamoyoni akatoka, ungo bado mkononi. Alimtazama mumewe, akakitazama cheti.

"Baba Chiku, mimi umenibusu mara ngapi mwaka huu?"

Mbaruku alihesabu, akaona aibu.

"Na zahanati? Nayo umeibusu?"

"Mama Chiku, mimi sijabusu kitu! Nimesonya! Siku nzima nasonya, wewe mwenyewe unanisikia!"

Mwalimu Ngwembe akainua kidole kama zamani darasani. Akachukua simu, akaiweka karibu na mdomo wake, akasonya kidogo. Kimoyo chekundu. Akasonya kwa nguvu. Vimoyo viwili. Akaishusha simu taratibu na kuifunika kwa kipande cha kitambaa cha bitana.

"Jamani," alisema kwa sauti ndogo, "mashine hii haijui msonyo. Inadhani tunabusu. Nchi nzima imekuwa ikibusu."

Bi Tausi akarudi katikati ya benchi, akamshika Mbaruku bega, akaomba radhi. Lakini Mbaruku alikuwa akimtazama mkewe. Vile vitu elfu moja mia nne na kumi na mbili vilikuwa vimetoka mdomoni mwake.

Asubuhi iliyofuata akavaa kanzu safi, akaenda mjini, Wizara ya Furaha na Mitandao. Alipitishwa dirisha la Furaha, akaambiwa jambo lake ni la Mitandao. Dirisha la Mitandao wakamwambia malalamiko hayapokelewi, ila shukrani. Akaandikisha shukrani. Ndipo akafikishwa kwa Bwana Fungameza, Katibu Msaidizi wa Tafsiri ya Hisia, mtu mwembamba mwenye tai ndefu kuliko kiwiliwili chake.

"Mpiga Busu Bora!" alisema Bwana Fungameza, akisimama. "Ofisi imebarikiwa."

"Mheshimiwa, nimekuja kukiri. Yale hayakuwa mabusu. Nilikuwa nasonya."

Bwana Fungameza alifunga mlango. Alitoa simu yake mfukoni, akaitia kwenye droo, akaifunika kwa faili la mwaka wa nyuma, akafunga kwa ufunguo. Kisha akaketi.

"Nani mwingine anajua?"

"Nchi nzima, mheshimiwa."

"Hiyo si kitu. Nani mwingine amesema?"

"Mimi tu."

"Afadhali." Akajifuta uso kwa tai. "Fundi, wewe unadhani mimi sijui msonyo? Mimi nina mke. Huko Bi Pendo alikofunzwa, watu hawasonyi. Alipofika kwetu akasikia midomo inavuta hewa, akatafuta kinachofanana na hicho, akakuta busu. Tuligundua wiki ya kwanza. Lakini wiki ya kwanza Mpendwa alikuwa tayari amepata asilimia tisini na nne, na alikuwa amelia kwa furaha mbele ya mabalozi. Ungekuwa wewe, ungeingia kumwambia?"

"Ningemwambia."

"Ndiyo maana wewe ni fundi cherehani. Hebu fikiri. Ule ukiwa ni msonyo, basi uwanja wa ndege wa kijijini kwao ulisonywa. Ikulu ya pili ilisonywa. Muhula wa tano ulisonywa, nchi nzima, kwa pamoja! Sasa nani alimpenda? Unataka kuiacha nchi bila mtu aliyempenda kiongozi wake?" Akafungua kabati, akatoa kitabu kinene kinachonuka gundi. "Isitoshe, suala limekwisha patiwa ufumbuzi. Kamusi mpya ya Taifa, ukurasa wa mia tatu na saba. Sonya: kubusu kwa mbali, kwa heshima."

Mbaruku akausoma mstari ule mara mbili.

"Mheshimiwa, mke wangu anachomwa sindano pale. Asubuhi na jioni. Friji ikiondoka, mke wangu hamalizi mwezi."

"Pole sana," alisema Bwana Fungameza, na huenda alikuwa na huruma kweli, maana aliinamisha kichwa. "Lakini busu lako la zahanati lina sekunde saba, Fundi. Ndilo refu kuliko yote nchini. Mimi nilifanyeje?"

Mbaruku alikuwa amekwisha fika mlangoni alipoitwa.

"Kifungu cha tisa cha Sheria ya Ridhaa," Bwana Fungameza alisema, akitazama dirishani kana kwamba anaongea na ndege. "Siku ya kukabidhi kuna dakika tano za Ridhaa ya Mwisho. Bi Pendo anawasikiliza waliopo pale, hao tu. Asiposikia upendo hata kidogo, mradi unarudi na jengo linabaki lilivyo. Haijawahi kutokea. Wananchi wetu hawawezi kukaa dakika tano na waziri bila kusonya."

Basi neno likapita Mtakuja mdomo kwa sikio, bila simu. Siku ya kukabidhi, funga mdomo. Usisonye. Akisema nini, akifanya nini, usisonye. Mwalimu Ngwembe aliwafanyisha watu mazoezi nyuma ya soko: alisoma hotuba za zamani za Mheshimiwa Shangwe kwa sauti, na watu walijifunza kuvumilia. Siku ya kwanza hakuna aliyefika dakika ya pili. Siku ya nne walifika ya tano, wengine wakitokwa jasho. Mbaruku pekee hakufika hata siku moja. Ilikuwa ikimtoka yenyewe, kama kikohozi, na kila ilipomtoka alimtazama mkewe na kuona soni.

Siku yenyewe ikafika. Bi Tausi alikuwa ameamka kukaanga vitumbua vya kata nzima, bure, na mlangoni mwa zahanati alimpa kila mtu kimoja. "Weka mdomoni, usitafune," aliagiza. "Mwenye kitumbua hasonyi." Mbaruku alipewa viwili. Bi Zamoyoni alisimama kando yake, na kwa tahadhari akaweka kiganja chake tayari karibu na mdomo wa mumewe. Nesi Bupe wa zahanati alisimama dirishani, na nyuma yake friji ilikuwa imekwisha kufungwa kamba.

Mheshimiwa Shangwe alishuka garini, akamvisha Mbaruku nishani, akambusu kwa kweli mashavu yote mawili. Mbaruku alitafuna kidogo bila kukusudia. Saa kubwa ya Ridhaa ikawashwa.

Dakika ya kwanza Waziri alihutubia. Alisema ugonjwa ni mtazamo. Alisema mwananchi mwenye wafuasi elfu kumi hawezi kuumwa, hana muda. Kimya. Kibao cha Bi Pendo kilionyesha sifuri.

Dakika ya pili akaimba "Eeh eeh", na akakosea maneno. Kimya.

Dakika ya tatu akavaa koti jeupe la nesi, akapanda juu ya kitanda cha kujifungulia kilichokuwa kimetolewa nje, akacheza mtindo wa mabega wa Mpendwa, huku wasaidizi wake wakirekodi. Kitanda kililia. Wanawake waliozalia kwenye kitanda kile walitazama. Walifumba macho, wakabana midomo, na machozi yaliwatoka baadhi yao kwa hasira, lakini hakuna aliyevuta hewa. Mashavu ya Mbaruku yalikuwa yamejaa, shingo imemsimama mishipa, kiganja cha mkewe kimembana.

Dakika ya nne Mheshimiwa akashuka kitandani, akijifuta jasho, akaamuru skrini iwashwe. "Nimewaletea zawadi," alisema. "Akili mnemba imewafufua wapendwa wenu! Wote waliofia katika zahanati hii wamekuja kutupongeza!" Na kweli wakatokea, kutoka kwenye picha za vitambulisho vyao, wamevalishwa fulana za Jumba la Klipu, wanakata viuno. Katikati yao alikuwepo marehemu baba yake Degera, shehe, mtu ambaye hakucheza hata kwenye harusi yake. Alikuwa akicheza. Alikuwa akisema, "Asante Mpendwa, hata huku tunakuona!"

Degera alianguka magoti. Mwalimu Ngwembe akapiga goti ubavuni kwake, akamkumbatia kichwa na kukificha kifuani kwake, ili asione na ili asisikike. Hakuna mtu aliyewahi kuona kinyaa cha namna ile, na watu mia sita walikimeza pamoja na vitumbua.

Zikabaki sekunde thelathini. Sifuri. Ishirini. Sifuri. Mbaruku aliona kwa mbali Bwana Fungameza, nyuma ya msafara, akitazama viatu vyake, na midomo yake ikihesabu. Kwa mara ya kwanza tangu klipu ile Mbaruku aliamini kwamba mkewe ataishi. Akakishika kile kiganja kilichomfunga mdomo.

Mheshimiwa Shangwe aliutazama umati. Alitazama nyuso zile zilizovimba mashavu, zisizocheka, zisizopiga makofi, zisizompa hata laana. Wimbo wake wameukataa. Mabega yake wameyakataa. Marehemu wao wenyewe wamewakataa! Sekunde kumi. Uso wa Waziri ukakunjamana. Meno yakabana.

"Watu gani hawa!" alisema. Na kwa moyo wake wote, akiwa mwana wa nchi ile na mama yake akiwa amemlea kama mama wengine, akasonya.

Mfyuuuuuu.

Saa ikalia. Kibao kikawaka chekundu chote, na sauti tamu ya Bi Pendo ikasikika kwenye vipaza sauti vyote. "Busu moja limepokelewa. Sekunde tano na nusu. Waliotoa sauti: mmoja. Upendo: asilimia mia moja. Hongereni, Mtakuja."

Mheshimiwa Shangwe mwenyewe alikawia kuelewa. Bwana Fungameza alikuwa wa kwanza kupiga makofi, taratibu, bila kuinua macho. Kisha msafara wote ukapiga makofi, na vijana wa wizara wakaingia ndani kutoa friji. Nesi Bupe akatoka mbele yao amekumbatia boksi la barafu, akapita katikati ya wakubwa bila kuwaamkia, akaja moja kwa moja kwa Bi Zamoyoni na kumkabidhi dawa zake.

"Barafu itashika mpaka kesho adhuhuri, mama," alisema. "Ng'ambo ya Mto wana friji. Waambie mimi nimewatuma."

Kiganja kilikuwa kimeondoka mdomoni mwa Mbaruku, kwa sababu boksi lilihitaji mikono miwili. Akatema vitumbua. Akamtazama Waziri akipigwa picha kwenye mlango wa wodi, na msonyo ukaanza kumpanda kutoka tumboni, mkubwa kuliko wote aliowahi kuutoa. Uso ukakunjamana. Meno yakabana. Juu ya vichwa vya watu, simu zote za wizara zilikuwa zimeinuliwa zinamngoja, Mpiga Busu Bora wa Taifa.

"Meza, Baba Chiku," Bi Zamoyoni alisema. "Usimpe hata hilo."

Mbaruku akameza. Akachukua boksi kutoka mikononi mwa mkewe, akaliweka begani, na wakaanza kilometa ishirini na mbili.